Kiwanja Kisicho na Jirani



Jioni moja baada ya mafundisho nilimkuta kijana wa darasa la sita ameketi chini ya mwembe, ameinamia simu ya kaka yake. Nilidhani anatafuta habari za mpira. Kumbe alikuwa anaongoza nyumba ya makumbusho! Katika mchezo ule mtu hupewa jengo dogo na vitu vichache vya kale. Watu huja kutazama, hulipa kiingilio, na kwa fedha ile mwenye nyumba hununua vitu vingine. Vitu vikizidi, jengo halitoshi. Basi hununua kiwanja cha pili, huvunja ukuta, huongeza chumba. Chumba kipya chataka watazamaji wengi, watazamaji wengi wataka vitu vingi, na vitu vingi vyataka kiwanja cha tatu. Kijana akanionyesha kwa furaha jinsi anavyofanya: akigusa mahali patupu kwa kidole, hesabu ya fedha hupungua, na pale pale ardhi huwa yake.

Nikamwuliza, "Kabla yako, kiwanja hiki kilikuwa cha nani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si cha mtu, Mwalimu. Kilikuwa kinangoja tu."

Mchezo wenyewe siuoni kuwa dhambi. Wamfundisha kijana kupanga matumizi, na yakini nawajua wazee kadhaa ambao wangefaidika na somo hilo. Lakini jibu lake lilikataa kunitoka moyoni. Je, duniani kuna kiwanja kinachongoja tu, kisicho na mtu wala jirani? Na je, anayelipa bei kamili amekwisha kutimiza haki yote?

Swali la kwanza lina historia hapa kwetu. Tarehe 1 Julai 1885 watawala wa Dola Huru ya Kongo walitoa amri kwamba ardhi yote iliyo tupu ni mali ya Dola. Tazameni neno hilo: tupu. Nyumba na mashamba yaliyolimwa yalihesabiwa kuwa na wenyewe. Lakini shamba lililoachwa lipumzike je? Na msitu wa kuwinda, na mahali pa kuokota kuni na uyoga, na makaburi ya kale? Mgeni alipita, hakuona jembe, akaandika: tupu. Alifanya kama kijana wetu na kidole chake, ila chini ya kidole cha mgeni walikuwako watu.

Kwa mali iliyotoka katika ardhi ile, hasa mpira na pembe, mfalme Leopold II alijenga majumba makubwa nchini mwake Ubelgiji. Mwaka 1897, huko Tervuren karibu na Bruxelles, alifanya maonyesho ya mambo ya Kongo. Walipelekwa hata watu, Wakongo 267, wakatazamwa kama vinavyotazamwa vitu. Saba wakafia huko: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren. Mwaka uliofuata maonyesho yale yakawa makumbusho ya kudumu. Vitu vikajaa, nafasi ikapungua, likajengwa jumba jipya kwa ramani ya Mfaransa Charles Girault, likafunguliwa mwaka 1910. Zaidi ya miaka 100 baadaye likapanuliwa tena: lilifungwa mwaka 2013, likafunguliwa Desemba 2018, likiwa na jengo jipya la kioo na njia ipitayo chini ya ardhi. Vitu vilivyofanywa kwa mikono ya watu wetu, vinavyotunzwa humo, vyapita 100,000, na vilivyo vingi havionekani kwa watazamaji; vimo ghalani.

Kati ya vitu hivyo kimo kimoja kilichotoka karibu na hapa. Mpala mwaijua, kusini mwa Kalemie, kando ya ziwa. Mwaka 1883 afisa Mbelgiji Émile Storms alijenga boma pale. Desemba 1884 watu wake walikishambulia kijiji cha mtemi Lusinga, wakamwua, wakakata kichwa chake, wakachukua na sanamu ya mti ya wahenga wake. Sanamu imo Tervuren hata leo. Fuvu la mtemi nalo lilipelekwa Ubelgiji. Sisemi Lusinga alikuwa mtu mwema. Yeye mwenyewe aliteka watu na kuwauza, na wengi walimwogopa. Lakini ubaya wa mtu haumpi jirani hati ya kuchukua kichwa chake. Tena nisifiche jambo: mwaka 1885 boma lile la Mpala lilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, na misheni ikaanzia hapo. Hata sisi tumesali juu ya kiwanja chenye habari.

Atasema mtu: "Hayo ni mambo ya kunyang'anya. Mimi nanunua, nalipa." Haya, na tumwangalie mfalme Ahabu. Watu husahau kwamba hakuanza kwa wizi. Alitaka tu bustani ya mboga karibu na nyumba yake, akamtolea Nabothi fedha, au shamba la mizabibu lililo bora kuliko lake. Kwa hesabu ya soko, ilikuwa bei nzuri. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akalala kitandani akiugeukia ukuta, akakataa kula, kama mtoto. Damu ilimwagika baadaye, lakini ugonjwa ulianza pale alipoona kwamba yuko mtu ambaye fedha haimtoshi. Kwa maana bei hupima kile anachopata mnunuzi, wala haina kipimo cha kile kinachomtoka mwuzaji.

Je, basi mtu asijenge? La, hasha. Nimesikia hoja ya namna hiyo, nayo ni ya wavivu. Kuna wakati kupanua nyumba ni kutenda haki. Kwa miaka mingi walioshika vitu vyetu walisema: tungevirudisha, lakini ninyi hamna nyumba ya kuvitunza. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114 tu. Mwaka 2019 makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa kwa msaada wa Korea ya Kusini, na tangu hapo udhuru ule umepungua nguvu. Jengo lile ni mbali nasi sana, na sidhani wengi wenu mtafika. Hata hivyo ni afadhali sanamu iwe mbali na nyumbani kuliko iwe ugenini.

Sasa nitoe lililo langu. Katika shule moja niliyofundisha zamani, watoto walikaa wanne wanne kwenye benchi moja, na wengine chini. Kando ya shule palikuwa na shamba la muhogo la mama mmoja mjane. Kamati ikaamua kununua parseli ile na kuongeza madarasa mawili. Wakanituma mimi kumpelekea karatasi. Bei ilikuwa ya haki. Niliihesabu mwenyewe mara mbili. Mama akasikiliza, akauliza jambo moja tu: "Mwanangu, mtaniachia njia yangu ya kwenda ziwani?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama." Sikuwa nimewauliza kamati. Katika karatasi njia haikuandikwa. Nilitaka atie kidole kabla jua halijazama, naye akatia.

Madarasa yalijengwa, na watoto wanasoma vizuri humo, hilo silijutii. Mwaka wa pili ukajengwa ukuta kwa sababu ya wezi, na njia ikafungwa. Hakuna aliyevunja mapatano, kwa kuwa katika maandishi hapakuwa na mapatano. Mama yule sasa huzunguka shule nzima, ndoo kichwani, asubuhi na jioni. Tukikutana hunisalimia vizuri, na salamu ile ndiyo inayonichoma.

Nilimsimulia kijana wa simu habari hii yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuitafuta katika mchezo wake namna ya kuacha njia ipite katikati ya viwanja vyake. Alitafuta mpaka giza likaingia. Hakuna, akasema, ukishanunua, chote ni chako mpaka ukingoni.

Nami nimewaandikia kamati ya shule ile, nikiwaomba watoboe mlango mmoja katika ukuta, upande wa ziwa, na kukiri kwamba ahadi ilitoka kinywani mwangu. Nimeahidi kulipa fundi na mbao. Wamejibu kwamba watalijadili baada ya masika.