Masikio ya mtoto mchanga

Mtoto akizaliwa kwetu, bibi hakosi kufunua kitambaa na kumtazama masikio. Mama angali amelala kwenye kitanda cha maternite, watu wanasifu: "Ona vile ni mweupe!" Bibi hadanganyiki. Anaangalia ncha ya sikio, anaangalia mzizi wa kucha, halafu anakata neno: "Hatabakia hivi. Huyu atakuwa mweusi tu."

Kwa upande wa elimu, wazee waliona sawa. Rangi ya ngozi inatoka kwa melanini, na mtoto anazaliwa wakati kazi ya kuitengeneza haijafika kipimo chake. Inaongezeka kwa majuma na miezi. Tena, chembe zinazoitengeneza zinakaribiana hesabu kwa mtu mweusi na kwa Mzungu. Tofauti ni kiasi zinachotoa, aina yake, na vile inavyoenea katika ngozi. Hata albino anazo. Kazi yake tu imekatika mahali, sababu ya urithi wa baba na mama wote wawili. Waliomnyooshea mama peke yake kidole walimwonea bure.

Lakini ile "tu" ya bibi, inatoka wapi? Macho hayakuiona kwenye sikio. Na pale mlangoni amesimama dada wa mtoto, miaka saba, mweusi, anasikia yote.

Akifika miaka kumi na nane anaanza kujichubua, sisi tunamwuliza kwa ukali nani alimfundisha. Tunamweleza kwamba hidrokinoni inazuia melanini, kwamba zebaki inaharibu figo. Ni kweli yote. Halafu tunamcheka barabarani: uso wa Fanta, vidole vya Coca! Yaani tunamcheka mara mbili, kwanza kwa weusi, pili kwa kuukimbia.

Mwenzetu mmoja alitupinga: eti ni utani wa mabibi, muache. Hatukubali. Utani kwetu una sheria, anayetaniwa anarudisha. Mtoto wa siku moja atarudisha nini?

Desturi yenyewe hatutaki ife, maana ni ujuzi, na ni mapendo pia. Tulimsikia bibi mwingine, alishika sikio lile lile jeusi, akasema: "Babu yake huyu. Amerudi." Akamfunika mtoto vizuri, akaomba maji ya kunawa.