Nabii Yaakub hakunyamaza

Jumatatu nilikuwa msibani, hapa Tanga mjini. Kijana wa miaka 24, wa bodaboda, aligongwa na lori alfajiri. Jeneza lilikwisha kutoka, wanaume wako makaburini, sisi wanawake tumebaki ndani juu ya mikeka. Mama yake alikuwa kaegemea ukuta, kanga imemshuka begani. Mara akasema, na kila mtu akasikia: "Ya Rabi, baba yake ulimchukua. Na huyu naye ulimtakia nini?"

Chumba kizima kikanyamaza. Bibi mmoja akamshika mkono: "Mwanangu, sema astaghfirullah. Utakufuru." Wengine wakadakia, subira, subira. Mama akafumba mdomo. Nami nilikuwepo, sikusema kitu, na ndilo linaloniuma siku zote hizi, kwa sababu tangu saa ile hakuzungumza tena. Siku ya hitima wenzake walisimama kuswali Alasiri, yeye kageukia ukuta.

Najua nitakavyojibiwa: Muislamu hupokea kadari bila manung'uniko. Basi turudi kwenye Sura Yusuf. Nabii Yaakub alipoletewa kanzu yenye damu ya uongo alitaja subira njema, na maneno hayo tumeyageuza kufuli la vinywa vya wafiwa. Yaliyofuata tunayaruka. Mzee huyo huyo alihuzunika mpaka macho yakawa meupe, wanawe wakamlaumu kwamba atajimaliza kwa kumtaja Yusuf. Akawajibu kuwa masikitiko yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Na ni yeye, macho yamekwisha kupofuka, aliyewatuma wakamtafute ndugu yao na kuwaonya wasikate tamaa na rehema ya Mola.

Mtume wetu naye alilia. Mwanawe Ibrahim alikata roho Madina, mwaka wa 10 Hijria, hajatimiza miaka 2, na machozi yakamtoka mbele za watu. Abdurrahman bin Auf akastaajabu, hata yeye? Akaelezwa kwamba hiyo ni huruma.

Hapo utanikamata: Mtume alilia, lakini ulimi wake haukutamka ila la kumridhisha Mola, na mama huyu alivuka mpaka. Kweli, maneno yake yalikuwa makali, wala sitamfundisha mtu kuyasema. Lakini alimwambia nani? Hakutusemesha sisi. Aliita Ya Rabi, kisha akauliza. Aliyekata tamaa na Mungu hamwiti, wala hamuulizi kitu. Sisi ndio tuliomkata kauli akiwa katikati ya mazungumzo na Mola wake, tukamwachia ukuta.

Hata hasira tunaihukumu kuliko tulivyofundishwa. Aliyeghadhibika akiwa amesimama, Mtume alielekeza, na akae. Isipomtoka, na alale. Ni maelekezo ya mtu anayeujua mwili wa binadamu na kuuonea imani. Sisi tulimpa mfiwa tishio la ukafiri, mwanawe hajafukiwa bado.

Jumamosi nilirudi peke yangu, nimebeba uji wa pilipili manga kwenye chupa. Nikakaa naye mkekani. Nasaha sikumpa. Nilimwambia tu, "Dada, lile swali lako la siku ile tulilikatiza. Nisamehe."

Alinitazama muda mrefu. Kisha yakatoka: dereva wa lori aliyekimbia, mkopo wa pikipiki usiokwisha, kitanda ambacho mwanawe alikitandika mwenyewe asubuhi ile na yeye hathubutu kukikunjua shuka. Alilia, akapiga mkeka kwa kiganja, akaita Ya Rabi, akauliza tena yale yale, na mengine makali zaidi. Uji ukapoa. Nilipotaka kumfariji nikajizuia.

Adhana ya Magharibi ilipoanza alinyamaza, akajifunika kanga kichwani, akaisikiliza mpaka mwisho huku midomo ikimwitikia muadhini. Halafu akaendelea pale alipoachia.