Shabiki wa Fainali



Aprili 2016, Shujaa ilipoilaza Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, nililia mbele ya televisheni. Kesho yake nikavaa jezi. "Tumeshinda!" Tumeshinda na nani? Mechi ya Kenya Cup sijawahi kulipia kiingilio hata mara moja.

2023 timu ikashushwa daraja kwenye Raga za Dunia. Nikanyamaza, jezi ikawa ya kulalia. Mwaka uliofuata ikapanda tena kule Madrid, na mimi huyo, nikarudi na kelele zangu.

Halafu binamu yangu akanivuta kwenye mechi ya mtaani kwao. Watazamaji hawakufika thelathini, wengi mama za wachezaji. Mzee mmoja alichora mistari kwa chokaa, kisha akabeba maji ya timu zote mbili. Hana mtoto pale. Nikamuuliza, mzee, unapata nini? Akacheka. "Kijana wangu, hawa wakicheza bila mtu, nani atajua walicheza?"

Kuna watakaosema viongozi wakiharibu mchezo, kususia ni haki. Sibishi. Lakini mimi sikususia. Niliona aibu tu kuhesabiwa na walioshindwa. Na hapo ndipo Ijumaa Kuu hunichoma: umati wa matawi ulikuwa mkubwa, pale msalabani wakabaki wachache. Mimi ningekuwa wapi?

Jumamosi hii wanacheza saa nane. Mzee ameniomba nipitie dukani, chokaa imeisha.