Ruhusa na Shauri

Kwenye kikundi cha vijana ninachofanya nacho kazi, swali moja haliishi: kwa nini mke amtii mume? Wengi wanajibu haraka, "Ni mila, tumeikuta." Sawa. Lakini sisi wa Kongo tukumbuke kwamba jambo hilo liliandikwa pia ofisini, likapewa namba.

Namba ni 444. Sheria ya Familia ya Zaire ilitoka tarehe 1 Agosti 1987, Mobutu akiwa madarakani zaidi ya miaka 20. Kifungu cha 444 kilisema mume ni kichwa cha nyumba: yeye amlinde mke, mke amtii. Kifungu cha 448 kikataka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi atakayofanya mwenyewe.

Na ni Mobutu huyo huyo aliyekuwa anasifu wamama! Mwaka 1966 alimfanya Sophie Kanza waziri, mwanamke wa kwanza. Mwaka 1967 wanawake wakapata haki ya kupiga kura. Wamama walivaa vikwembe vyenye sura yake, wakamwimbia na kumchezea. Suruali na wigi wakakatazwa, eti si vya Kizaire. Mama alisifiwa sana, lakini kusaini mkataba, mpaka baba akubali.

Mtawala alipata faida gani? Yeye mwenyewe aliitwa Baba wa Taifa, na sisi wote watoto. Aliyowaambia raia ni yale yale ya 444: mimi nawalinda, ninyi mnatii. Mwanaume asiye na sauti mbele ya chama alipewa kiti kidogo cha utawala nyumbani kwake. Akishazoea kukikalia, atakihoji vipi kile kikubwa?

Wazee wananiambia nyumba bila kichwa inaanguka, na heshima ilikuwepo kabla ya Mobutu. Ni kweli ilikuwepo. Ila heshima ya kwetu, mume akizidisha, wazee walikaa wakamuuliza. Sheria ile iliupa utii nguvu ya serikali, na serikali yenyewe haikuulizwa na mtu.

Wengine wanasema ni haki: ulinzi kwa utii. Basi vita vikaja. Wanaume wengi hawakuweza kulinda, na siwalaumu, maana bunduki zilikuwa nyingi kuliko nguvu zao. Wamama walibeba watoto mgongoni mpaka mpakani. Kama utii ulikuwa bei ya ulinzi, deni liliisha siku ile njiani. Na kama halikuisha, basi haikuwa bei kabisa. Ilikuwa amri tu.

Mwaka 2016 Kongo ilibadilisha sheria, ruhusa ile ikaondolewa. Hapa kambini, hata hivyo, msichana anachaguliwa kwenda kozi ya kushona, anasema, "Ngoja kwanza mume akubali." Na sisi wa miradi tunaenda kumtafuta "kichwa cha familia" atupe jibu, wakati hakuna kifungu kinachotulazimisha.

Mimi naomba tumuulize mwenyewe kwanza. Akitaka kuongea na mume wake, vizuri sana, na mume naye aongee na mke kabla ya kuuza mahindi ya posho. Hilo ni shauri, linaenda na kurudi. Ruhusa inatoka upande mmoja tu, na tulishaishi miaka 32 chini ya mtu aliyetoa ruhusa peke yake.