Kupenda Nchi na Kutaja Kasoro Zake

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba mimi hukumbuka kanzu ya marehemu baba yangu. Aliitoa sandukuni siku hiyo na siku za Idi tu, akaivaa, akatembea mwendo wa saa mbili mpaka wilayani kutazama gwaride na kusikiliza hotuba. Jioni alirudi na vumbi hadi magotini, akiwa na furaha ya mtu atokaye arusini kwa nduguye.

Jambo hili lilinitatiza utotoni, kwa kuwa nilisimuliwa habari za mwaka 1974. Mwaka huo, katika kazi ya kuhamishia watu vijijini, tuliondolewa kwenye shamba la mikorosho alilolipanda baba kwa mikono yake. Nyumba iliezuliwa vyombo vingali ndani, kwani msimamizi wa kazi ile alikuwa na haraka ya kutimiza hesabu yake. Mikorosho ikabaki mbali na kijiji kipya, ikazongwa na magugu. Wala msiba huo haukuwa wetu peke yetu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Bei duni ilichangia, na maradhi ya ubwiriunga pia, lakini mkulima aliyetengwa na miti yake ataipalilia vipi?

Siku moja nikathubutu kumwuliza: "Baba, baada ya yale yaliyotupata, sikukuu hii waiendea nini?"

Akanijibu: "Mwanangu, aliyeniezulia paa ni mtu, nami namjua. Nchi siyo yeye. Wewe hukuwapo zama za mkoloni. Mimi nilikuwapo, nikadaiwa kodi ya kichwa kama mbuzi."

Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi. Leo halinitoshi lote. Yule msimamizi hakuja kwa matakwa yake. Alikuja kwa jina la nchi. Tena kijiji kile kile kilichotupotezea mikorosho ndicho kilichonipa shule, kwa maana mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilipoanza, nami nikiwa na miaka saba, darasa lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni petu. Ikiwa shule naihesabu kuwa wema wa nchi, kwa haki gani paa nilihesabu kuwa ubaya wa mtu mmoja? Hesabu ya namna hiyo ni ya mpenzi asiyetaka kuona. Mwenye kuipenda nchi hana budi kuyapokea yote mawili kuwa ni yake, la aibu na la fahari.

Wako wasemao kwamba kutaja la aibu ni kuikana nchi, nao hukimbilia methali ya mkataa kwao mtumwa. Methali ni ya kweli, ila wanaitumia pasipo pake. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja serikali za mitaa mwaka 1972, na vyama vya ushirika mwaka 1976, yalikuwa makosa. Vyote viwili vikarejeshwa katika miaka ya 80. Nani alithubutu kumwambia kuwa amekataa kwao? Angalikaa kimya, huenda tungalichelewa zaidi. Mkataa kwao hasa ni yule aonaye ufa katika ukuta akapaka chokaa.

Nayasema haya nikijua yananihusu. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nimeketi katika vikao ambamo hesabu zilisomwa na kila aliyekuwapo alijua si za kweli, nami nikapiga makofi pamoja na wenzangu, kisha jioni nikaandika shairi la kuisifu nchi. Shairi lilikuwa na vina safi. Sikulipenda tena nilipolisoma mwaka uliofuata.

Limebaki jambo moja ambalo hoja zangu hazilifikii. Mama yangu hakwenda gwarideni hata mara moja. Mikorosho ile alikuwa ameipalilia yeye, akiwa na mtoto mgongoni, na hakuwa tayari kusahau. Siwezi kusema kwamba aliipenda nchi pungufu ya baba, wala sidhani mtu ana haki ya kumdai aliyeumizwa ashangilie. Baba hakumshurutisha. Alivaa kanzu akaenda zake, na aliporudi mama alimtengea maji ya kuoga, akamwuliza hotuba ilisemaje.