Aibu ya Bibi ni ya Nani?

Mwandishi wa siasa akiteleza, kesho yake simu inalia. Mheshimiwa anafoka, wakili anatuma barua, mhariri anachapisha masahihisho kwenye kona ambayo hakuna mtu husoma. Mwandishi wa historia ya mtaa hana presha hiyo, maana watu wake wengi wako makaburini. Andika kwamba fulani alikuwa mwizi wa ng'ombe mwaka wa 1920, uone kama kuna atakayekupigia. Wenzangu husema hiyo ndiyo raha ya kazi hii. Mimi naona ndio ugumu wake.

Siku hizi namfikiria sana Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Wengi wetu tunamjua mwanawe, Profesa Ali Mazrui, lakini baba mtu alikuwa mtu wa magazeti. Mwaka wa 1930 alianzisha Sahifa pale Mombasa, na 1932 akaja na Al-Islah, akiwakemea Waislamu wenzake wa Pwani waamke, wasome. Kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Na aliandika, kwa Kiarabu, historia ya ukoo wake mwenyewe, hao Mazrui waliotawala Mombasa hadi Seyyid Said alipowang'oa 1837. Hakukiona kitabu hicho kikichapishwa. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka 1995.

Hebu jiweke kwenye kiti chake. Wewe ni mwanahabari, ni hakimu, na tena ni mjukuu wa hao unaowaandika. Chumba cha habari cha leo kingekuambia kaa kando, hii stori inakuhusu. Yeye aliandika, na hakuiruka habari ya Ali bin Uthman, mtawala wa Mombasa, aliyeuawa na jamaa yake mwenyewe walipokuwa wameizingira Unguja. Damu moja, bana.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mauaji ya wakubwa hayaaibishi sana. Ukoo wa watawala unaweza kummeza mtawala aliyechomwa kisu na ukabaki na fahari yake. Aibu ya wadogo haimezeki hivyo. Sheria ilikoma kuutambua utumwa kwenye Pwani ya Kenya mwaka wa 1907, yaani juzi tu. Ukipanda matatu ya Kisauni utasikia makanga akiita Kengeleni, na kengele yenyewe ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Abiria wanashuka, wananunua viazi karai, wanaenda zao.

Kuna mzee mmoja wa pande hizo aliyenisimulia jinsi bibi yake alivyonunuliwa akiwa mtoto. Alinipa jina la bibi, la mnunuzi, hata bei. Alitaka iandikwe kabla hajaondoka duniani. Binti yake akanisindikiza hadi nje, akaniambia polepole, "Kakangu, mimi nina msichana anaposwa mwaka huu. Ukiandika hilo, huko tutaitwa nani?"

Jibu la haraka ninalo: bibi hakuiba kitu, aibu ni ya aliyemnunua. Tukinyamaza, mnunuzi anabaki na heshima zake na bibi anabaki bila hata jina. Naamini hivyo kabisa. Ila mimi nikishachapisha narudi Nairobi na kahela kangu ka makala, na huyo mama anabaki pale pale, na majirani wale wale, na wakwe wanaoulizia kabila hadi babu wa saba. Ukweli nausema mimi, bili analipa yeye. Sipendi ushujaa wa namna hiyo.

Badilisha majina basi, mhariri akaniambia, si ni rahisi? Sasa, watumwa wengi walipewa majina mapya na waliowanunua. Huyu bibi alibadilishwa jina mara moja bila kuulizwa. Mimi nimbadilishe mara ya pili, kwa hisani yangu?

Nilichofanya ni hiki. Niliandika yote, na majina yote, kwenye daftari, nikatoa nakala mbili: moja ya mzee, moja ya bintiye. Kwangu, jina ni haki ya bibi na lazima liandikwe mahali. Lini lisomwe na watu wote, hilo ni la wanaoishi nalo. Mzee hakufurahi, na ana haki, kwa umri wake neno "ngoja" halina maana nzuri. Mhariri naye aliniambia stori isiyochapishwa si stori. Nikamkumbusha kitabu cha Sheikh kilivyokaa karibu miaka hamsini baada ya mwenyewe kuzikwa. Akacheka, akaniuliza kama kodi ya nyumba nayo itangoja hivyo.

Juzi yule mama alinitumia ujumbe. Harusi imepita salama. Halafu chini yake: "Lile daftari lako usilitupe."