Mali Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hufahamiwa kuwa ni onyo kwa mfanyabiashara. Lakini yapo madaftari ambayo yenyewe yamegeuka kuwa mali, na hapo hapana budi kuuliza: daftari likisalimika, ni nani aliyepotea?

Katika barua ya tarehe 2 Agosti 1939, Albert Einstein alimtahadharisha Rais Franklin Roosevelt wa Marekani kwamba urani yaweza kuzaa bomu la nguvu isiyowahi kuonekana. Barua hiyo iliandaliwa na mwanafizikia Leo Szilard, kwa sura mbili. Ile ndefu ilimfikia Rais, na imehifadhiwa katika maktaba yake huko Hyde Park. Ile fupi ilibaki kwa Szilard. Mwaka 1986 Malcolm Forbes aliinunua kwa dola 220,000. Mwaka 2002 ikamwendea Paul Allen kwa zaidi ya dola milioni 2. Na Septemba 2024 ikauzwa tena mnadani, New York, kwa dola milioni 3.9.

Je, ni kosa kuzikusanya karatasi za namna hii? Hasha. Siri za vita huwa na maadui wawili, moto na usahaulifu. Agosti 1945, wanajeshi wa Japani waliokuwa wakijaribu viini vya maradhi juu ya miili ya watu huko Pingfang, nchini China, walichoma kumbukumbu zao ili ushahidi usibaki. Mwenye kuokoa karatasi moja katika moto kama huo huwafanyia wema waliokufa na watakaozaliwa.

Hata hivyo, kuokoa karatasi si sawa na kuokoa habari. Barua ile iliyomfikia Rais inaeleza kwamba chimbuko muhimu kuliko yote la urani ni Kongo ya Wabelgiji. Ni maneno machache, lakini nyuma yake upo mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa siri. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilipelekwa New York. Watu waliyachimba na kuyachambua kwa mikono, na katika migodi ya Katanga lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Lugha yao inasomwa hadi leo. Majina yao hayakuingia katika barua.

Basi tatizo la kimaadili haliko katika bei. Liko katika kudhani kuwa aliyelipa amemiliki. Hati ya aina hii ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuitazama kama kito tu. Ameichukua pamoja na deni lake: kuwaacha wengine waisome, na kuuliza yale ambayo hati imeyanyamazia. Asipouliza, kabati lake la kioo litaendeleza kazi iliyoanzwa na mhuri wa siri.

Saini ya Einstein ilihesabiwa thamani mara tatu, na kila mara ilipanda. Mikono iliyoyachambua mawe ya Shinkolobwe haijapata hata orodha ya majina. Daftari hilo ndilo ambalo mkusanyaji mwadilifu angepaswa kulitafuta kwanza.